Madoa Sugu ya Nguo za Nyumbani: Ninavyoyatoa Hapa Wete

Nikiletewa nguo nikaambiwa "doa hili limekataa kabisa," suali langu la mwanzo ni hili: ulianza kulitia nini? Mara nyingi jibu ni maji ya moto na sabuni ya mche, au JIK. Basi hapo ndipo doa lilipopata nguvu. Damu ikikutana na maji ya moto inapikika ndani ya uzi. Kutu ikitiwa JIK inazidi kushika. Chai na zambarau zikifikichwa kwa sabuni ya mche zinaganda, na siku ya pili mtu anatafuta dawa ya doa alilolikaza kwa mikono yake.

Nafulia nyumba ya watu tisa hapa Wete, Pemba. Baba watoto huchuma karafuu msimu ukifika, na siku nyengine huenda baharini. Mwanangu mkubwa ni fundi wa pikipiki. Wadogo asubuhi wako skuli, jioni wako chuoni kwa Kurani. Mamkwe wangu, Mungu amuweke, anatafuna tambuu, ile ya popoo na chokaa. Kwa hiyo kwenye tenga langu la nguo chafu hakuna doa linalokosa, na kila moja nimejifunza lina njia yake.

Ninafua kwa beseni na mikono. Mwenye mashine asidhani haya hayamuhusu, kwani doa hushughulikiwa kabla nguo haijaingia kwenye mashine. Ukishaizungusha na maji ya moto, yaliyobaki ni bahati.

Kabla hujatia maji

Toka na nguo uwani, uitazame kwenye mwanga. Doa la mafuta linajulikana: ukiinyanyua nguo juani, pale penye doa panapitisha mwanga zaidi, na ukidondoshea maji hayaingii upesi. Damu, maziwa, yai na matapishi ya mtoto hukakamaa, ukipapasa unahisi ugumu. Chai, kahawa, zambarau na maji ya dafu huacha mstari wa kahawia pembeni na katikati pakawa hafifu. Kutu ina rangi ya chungwa lililoiva na haitikisiki hata uipige sabuni asubuhi mpaka adhuhuri. Koga ni vidoti vyeusi vilivyotawanyika, na kabla hujaviona utainusa harufu yake.

Ukishajua, mengine yanafuata. Damu na jamii yake ni maji baridi, baridi kweli. Mafuta ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, itiwe doa likiwa kavu, kisha maji ya vuguvugu. Chai na matunda ni maji baridi mengi kwanza, halafu ndimu au siki, ndipo sabuni ya unga. Kutu ni ukali wa ndimu au birimbi (mbilimbi) bila ya sabuni.

Dawa yoyote ijaribu kwanza ndani ya pindo, hasa kanga mpya na baibui. Bonyeza hapo kwa kitambaa cheupe, na kikishika rangi ya nguo, usiendelee. Na unapotoa doa, geuza nguo ndani nje, ulishambulie kwa nyuma, ili lirudi lilikotokea. Ukilisugua kwa mbele unalizamisha. Anzia pembeni uje katikati, la sivyo litatanuka.

La mwisho kabla hatujaanza kazi: nguo yenye doa usiianike juani wala usiipige pasi mpaka uhakikishe doa limetoka. Ikiwa bado imeroa, doa hafifu halionekani vizuri, kwa hiyo ianike kivulini kwanza, uitazame ikikauka. Ukiona bado, irudishe majini. Pasi inafunga doa kuliko kitu chochote ninachokijua. Madoa ya manjano, kile kiungo cha mchuzi, na ya koga ndiyo pekee yanayotaka jua, na nitayaeleza.

Maji unayofulia

Sehemu za mawe, kama Micheweni huku kwetu, au Makunduchi na Jambiani kule Unguja, maji ya visima yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yamebeba chokaa. Sabuni ya mche kwenye maji hayo haitoi povu, inakuwa utando wa kijivu unaong'ang'ania nguo nyeupe. Mtu anaiona kanzu inafubaa kila wiki, akadhani ni uchafu, akazidisha sabuni, na utando ukazidi. Tumia sabuni ya unga badala ya mche kwa nguo nyeupe, na kwenye maji ya mwisho ya kusuuza tia siki, nusu kikombe kwa ndoo. Siki inayeyusha ule utando, na harufu yake inaondoka nguo ikikauka.

Mimi wakati wa masika nakinga maji ya bati kwenye pipa nikayaweka kwa ajili ya kanzu, mitandio ya skuli na nguo za mtoto mchanga. Maji ya mvua hayana chokaa. Sabuni kidogo tu, povu limejaa beseni.

Manjano

Hili ndilo doa ninaloulizwa zaidi, na ndilo ninalolipenda, kwa sababu unaliona likifanya kazi mbele ya macho yako. Urojo, biriani, mchuzi wa samaki, yote ni manjano, na mara nyingi yanakuja pamoja na mafuta. Kanzu nyeupe ya Ijumaa haikosi.

Kwanza kwangua kwa kijiko kilichobaki juu ya nguo. Usifute kwa kitambaa, utalipaka. Mimina maji baridi kwa upande wa nyuma. Kisha tia matone ya sabuni ya vyombo, fikicha taratibu kwa vidole, uache robo saa ili mafuta yatoke. Suuza. Hapo utabakiwa na rangi tupu.

Sasa, ukiipaka rangi hiyo sabuni ya mche, ile njano inageuka nyekundu ya matofali papo hapo, kwenye vidole vyako. Wengi hushituka wakadhani nguo imeharibika au ni damu. Si kitu. Manjano yanabadilika rangi yakikutana na magadi yaliyomo kwenye sabuni, na ukikamulia ndimu yanarudi njano vile vile. Mimi nautumia wekundu huo kama shahidi: maadamu pale pana wekundu, sabuni bado imo ndani ya nguo na haijasuuzwa vya kutosha. Nasuuza mpaka njano irudi.

Kama nguo ni ya pamba nyeupe, chukua pamba, tia spiriti ya duka la dawa, gonga gonga juu ya doa huku chini umeweka kitambaa safi kikavu. Manjano yanayeyuka kwenye spiriti zaidi kuliko kwenye maji, na utaona kitambaa cha chini kikipokea rangi. Sogeza kitambaa kila kikichafuka. Fanya kazi hiyo mbali na jiko, spiriti inawaka moto upesi.

Halafu jua. Anika nguo ikiwa imeroa, doa likitazama juu, kwenye jua la saa nne mpaka saa nane mchana. Mwanga wa jua unaivunja rangi ya manjano. Ikikauka, iroweshe tena uigeuze. Doa la njano iliyokoza unaliona likiwa la maziwa kufikia alasiri, na kama limebaki, kesho jua lipo. Sijaona JIK ikifanya kazi hii kwa upole hivi. Kwa nguo ya rangi punguza muda wa jua, maana litakula na rangi ya nguo pia.

Kutu, na mti wa birimbi

Kutu inaingia nguoni kwa waya wa kuanikia, kwa msumari, kwa ndoo ya chuma, na kwa zipu za jinzi zilizolala mbichi kwenye beseni usiku mzima. Sabuni haiisaidii, na JIK inaikaza. Ukali ndio unaoishika chuma na kukiondoa.

Njia inayojulikana na wengi ni ndimu na chumvi: kamulia doa ndimu, nyunyizia chumvi laini, acha kwa saa moja au mbili lisikauke, suuza, urudie. Inafaa kwa kutu mpya. Kwa kutu iliyokaa, mimi natumia birimbi. Mbirimbi upo kwenye nyua nyingi Pemba na Unguja, watu wanatia matunda yake kwenye achari na mchuzi, na mengi yanaanguka yakioza. Tunda hilo lina asidi ya okzaliki, ambayo inakamata chuma barabara. Pasua birimbi bichi kwa urefu, lisugue moja kwa moja juu ya doa, maji yake yaingie, uache dakika kumi na tano, ulitazame. Utaona ile rangi ya chungwa inapauka kuanzia pembeni. Rudia na birimbi jengine mpaka limalizike, kisha suuza kwa maji mengi sana, kwani ukali huo ukibaki unadhoofisha uzi wa pamba.

Hapa pana jambo ambalo watu hawaambiwi. Maji ya ndimu yakikauka kwenye ngozi kisha ukakaa juani, mkono unaweza kuungua, ukatoka malengelenge na madoa meusi yanayokaa wiki kadhaa. Umeshaona wanawake wenye mabaka mikononi wakadhani ni sabuni. Fanya kazi ya ndimu kivulini, nawa mikono mpaka kiwiko kwa sabuni, ndipo utoke kuanika. Watoto wasichezee maganda juani.

Ukitaka kujikinga na kutu kabisa, acha waya, nunua kamba ya nailoni, na vibanio viwe vya plastiki au mti.

JIK ina mahali pake

Sisemi uitupe. Kwa shuka nyeupe za pamba zilizoingia koga, na kwa nepi, inafaa. Lakini iheshimu. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, tia kwenye maji baridi, nguo isikae zaidi ya robo saa, kisha suuza mpaka harufu itoke. Usiimimine juu ya nguo kavu, itatoboa. Hariri na sufi usizitie kabisa, wala kofia iliyoshonwa kwa mkono yenye uzi wa hariri. Jasho la kwapani likitiwa JIK linazidi kuwa la njano.

Na hili nalisema kwa uzito wangu wote: JIK isikutane na ndimu, siki wala birimbi, wala na dawa ya kusafishia choo. Inatoa hewa ya sumu inayokaba kifua, na vyoo vyetu vingi tunamofulia ni vidogo, dirisha ni tundu. Kama uliitia nguo ndimu na hukufanikiwa, isuuze kwa maji matatu kabla ya kufikiria JIK, na afadhali ungoje siku nyengine. Ukihisi macho yanawasha na kifua kinabana, toka nje kwanza, mambo ya nguo baadaye.

Koga ya masika

Machi mpaka Mei nguo hazikauki, na shuka iliyokunjwa na unyevu siku mbili imeshapata vidoti. Koga ni kitu hai. Ukiifikicha ndani ya nyumba unaitawanya. Toka nayo nje mchana wa jua, ikauke, uikung'ute na kuipiga brashi kavu. Nyeupe ya pamba, JIK kwa kipimo. Ya rangi, irovye kwenye siki na maji, nusu kwa nusu, kwa saa moja, ifue kwa sabuni ya unga, kisha jua. Vidoti vya zamani kwenye kanga huenda vikabaki hafifu, lakini harufu itatoka na haitaendelea kula kitambaa.

Siku za mvua mimi sifui kila kitu. Nafua sare za skuli na za mtoto, naanika barazani, na kila nguo ina nafasi yake kwenye kamba, zisigusane.

Mafuta: jikoni, gereji na chupa ya manukato

Mafuta ya mahamri na ya nazi hayana shida yakiwahiwa. Nyunyizia poda ya mtoto au unga wa sembe, acha inywe mafuta kwa nusu saa, kung'uta, tia sabuni ya vyombo doa likiwa kavu, fikicha, kisha maji ya vuguvugu. Ukianza na maji, unayafukuza mafuta yaingie ndani zaidi.

Grisi na oili ya pikipiki ni kazi nyengine. Ovaroli ya mwanangu haichanganywi na nguo za watu. Oili ile ina unga mweusi wa chuma na masizi, na ndio unaobaki mafuta yakishatoka. Napaka mafuta ya kupikia kidogo juu ya grisi kavu ili ilainike, nasubiri, nafuta kwa gazeti, ndipo sabuni ya vyombo na brashi. Wapo wanaotumia mafuta ya taa, na yanatoa kweli, lakini nguo hiyo iwekwe mbali na jiko na pasi, isuuzwe na kufuliwa mara mbili, ikauke nje mpaka harufu iishe.

Manukato ya mafuta, yale ya udi na waridi yanayopakwa shingoni na kwenye mikono ya kanzu siku ya harusi, huacha duara la njano ambalo wengi hudhani ni jasho. Ni mafuta. Litendee kama mafuta: poda, sabuni ya vyombo, subira. Ni bora manukato yapakwe mwilini yakakauka kabla kanzu haijavaliwa, na nguo zifukizwe udi.

Jasho lenyewe, kwapani na kwenye kola, rovya nusu saa kwenye maji yenye siki, suuza, kisha paka uji mzito wa bekingi soda na maji, usugue kwa mswaki wa zamani. Nguo nyeupe iliyozeeka njano unaweza kuitia buluu kwenye maji ya mwisho. Buluu haitoi doa, inaficha unjano tu, na uifunge kwenye kitambaa kwanza uikamulie majini, kwani ikimwagwa ikiwa kavu inaacha madoa ya buluu yasiyotoka.

Mengine kwa haraka

Damu mbichi: maji baridi na chumvi, fikicha, badilisha maji mpaka yawe meupe. Damu kavu, ya shuka au ya nguo za ndani: rovya usiku kucha kwenye maji baridi na sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzaimu), kwani hivyo ndivyo vinavyokata damu na maziwa, na vinahitaji muda. Ukivichemsha umeviua. Ikiwa nyeupe na bado ina kivuli, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Itatoa povu juu ya doa, futa, rudia. Mabinti wafundishwe hili mapema, na beseni lao wapewe, wasifiche nguo chini ya kitanda mpaka damu ikaganda.

Wino wa kalamu kwenye mfuko wa shati la skuli: spiriti kwa pamba, kitambaa chini, gonga usisugue, na usitie maji mpaka wino umalizike kutoka.

Udongo mwekundu: uache ukauke. Kweli, uache. Kisha brashi, ndipo maji. Mwenye haraka anaukanda ndani ya nguo, na wekundu ule una kutu ndani yake, JIK haitamsaidia.

Tambuu ya mamkwe: maji baridi papo hapo, kisha ndimu, wekundu unapungua sana kwa sababu chokaa ndiyo inayoukoleza. Kwenye kanga yenye mapambo mengi hakitaonekana kilichobaki.

Masizi ya chungu au ya pasi ya mkaa: usiguse kwa mkono ulioroa. Kung'uta, puliza, tia unga, kung'uta tena.

Utomvu wa fenesi hutoka kwa mafuta ya nazi kisha sabuni. Utomvu wa ndizi ukishakuwa mweusi hautoki, wala wa kanju (bibo), wala maji ya kumbi la dafu yaliyokauka, wala hina iliyolala na nguo, na anayekuambia unatoka anakuuzia kitu. Ukiuwahi ukiwa mbichi kwa maji mengi na ndimu, unaweza kupata nusu. Kwa hiyo hapa nyumbani nguo za kuchumia karafuu na kukatia ndizi zimetengwa, zina rangi ya kahawia zote, na zinakaa kwenye tenga lao. Usiku wa hina kila mmoja anatandikiwa kanga kuukuu, na mito inavuliwa foronya nyeupe kabla mikono haijapakwa.